Embe Bichi na Asili ya Mabadiliko

Mtu anunuaye embe bichi katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, akaliweka ndani siku chache, hulikuta limekuwa laini na tamu. Hakuna alistaajabiaye jambo hili. Lakini Wayunani wa kale liliwasumbua zaidi ya miaka mia moja. Ukali umekwenda wapi, na utamu umetoka wapi?

Heraclitus wa Efeso alisema kuwa vitu vyote hupita kama maji ya mto. Parmenides wa Elea alikana. Kilichopo hakiwezi kutoka katika kisichokuwapo, kwani katika utupu hakitoki kitu. Wala hakiwezi kutoka katika kilichopo, kwani hicho kimekwisha kuwapo. Basi mabadiliko ni udanganyifu wa macho. Waichekao hoja hii aghalabu hawajaijibu. Empedocles alijaribu kuijibu kwa kuchanganya ardhi, maji, hewa na moto. Democritus kwa chembe zisizogawanyika.

Aristotle alishika njia nyingine. Katika kila badiliko, alisema, kipo kitu kinachobaki, ipo hali iliyokosekana, na ipo hali inayopatikana. Utamu haukutoka katika utupu. Ulitoka katika embe lililoukosa lakini lilikuwa na uwezo wa kuupata. Jiwe nalo halina utamu, ila kukosa kwake si kukosa kwa embe. Wanafalsafa walioandika kwa Kiarabu walisema juu ya maada na sura, na maneno hayo mawili yamo katika Kiswahili hata leo, ingawa kwa kazi nyepesi zaidi.

Lakini Aristotle alitenga vitu vya maumbile na vitu vya kufanywa. Embe lina chanzo cha badiliko ndani yake; kitanda hakina. Antiphon alikwisha sema kwamba kitanda kikizikwa kikachipuka, kitachipuka mti, si kitanda.

Hapo ndipo Kariakoo yenyewe inapoingia katika hoja. Jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nyumba zake za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, nyingi zimepisha maghorofa, na watu husema kuwa mji unakua, kana kwamba mji ni embe. Nyumba haiivi. Chanzo cha kubadilika kwake kiko nje yake: kwa mwenye kiwanja, kwa mwenye fedha, kwa mtoa kibali. Mpangaji aliyehamishwa akiambiwa kwamba hayo ni maumbile ya dunia, hunyimwa jibu la swali lake, nalo ni swali halali la falsafa: aliyeanzisha badiliko hili ni nani?

Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likashika moto. Kwa Aristotle, moto hupanda juu kwa maumbile yake. Kufika kwake sokoni ni suala jingine.