Dhamana Kabla ya Mlio: Darubini ya Bunduki na Swali la Nia

Swali la mahali tendo la kupiga risasi linapoanzia ni la kale kuliko bunduki yenyewe, kwa kuwa wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya hukumu za matendo katika Uislamu, walilijadili kwa mshale, mkuki na mbwa wa kuwindia karne nyingi kabla baruti haijafika pwani ya Afrika Mashariki. Wengi huamini kwamba tendo huanza pale kidole kinapovuta kifyatulio, na kwamba yote yaliyotangulia ni matayarisho yasiyo na hukumu yake. Rai inayotetewa hapa ni kwamba hukumu ya risasi huanza mapema zaidi, kwenye bisibisi na skrubu, na kwamba darubini ya bunduki, yaani bomba lenye vioo linalofungwa juu ya mtutu ili kumsogeza karibu na jicho aliye mbali, huidhihirisha hoja hiyo kuliko chombo kingine chochote cha silaha.

Mazingira ya swali hili ni Masalani, mji mkuu wa eneo la Ijara katika Kaunti ya Garissa, upande wa mashariki wa Mto Tana, ambako wakazi wengi ni wafugaji Wasomali wanaofuata madhehebu ya Shafii. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuurudisha. Kwa hiyo ushauri wa vitabu vya uwindaji, vinavyodhania kwamba msomaji ana kibali cha kuangusha swala, hauna nafasi hapa. Wanaobeba bunduki kihalali ni polisi na wanajeshi, askari wa wanyamapori, polisi wa akiba wanaolinda vijiji na mifugo, raia wachache wenye leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na madaktari wa wanyamapori ambao bunduki zao hurusha sindano ya usingizi badala ya risasi. Katika ardhi hiyohiyo imo Hifadhi ya Jamii ya Ishaqbini, makao ya hirola, swala ambaye idadi yake duniani inakadiriwa kuwa chini ya 500, na ambaye wanasayansi walimweleza mara ya kwanza mwaka 1889 baada ya mwindaji Mwingereza, H. C. V. Hunter, kumpiga risasi karibu na Tana. Mwaka 2012 hirola 48 waliwekwa ndani ya uzio usiopenywa na simba wala mbwa mwitu, na kizazi chao kikaongezeka.

Kurani, katika aya ya 94 ya Sura ya Al-Maida, inataja mtihani ambao waumini watapewa kwa mawindo yanayofikiwa na mikono na mikuki yao, na wafasiri wameuhusisha na mwaka wa Mkataba wa Hudaibiya, 628, ambapo Waislamu walikuwa katika ihramu, hali ya ibada ya hija au umra inayomharamishia mtu kuwinda, huku wanyama wakiwasogelea hadi kambini. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mtihani wenyewe ni ukaribu. Mnyama aliye mbali hamjaribu mtu, kwa kuwa hawezi kufikiwa. Aliye karibu humlazimisha kuamua. Darubini hutengeneza ukaribu huo kwa vioo, lakini ni ukaribu wa jicho bila ukaribu wa mkono: mlengaji huona masikio ya mnyama yakipepea ilhali hasikii pumzi yake, wala hawezi kumfikia kwa haraka akikosea. Uwezo umeongezeka, na uwezo wa kurekebisha kosa haukuongezeka nao.

Hapo ndipo hadithi iliyosimuliwa na Shaddad bin Aus inapopata uzito mpya. Inaeleza kwamba Mwenyezi Mungu ameandika ihsani, yaani kulitenda jambo kwa wema na ukamilifu, katika kila kitu, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mchinjaji anatakiwa kunoa kisu chake na kumpunguzia mnyama mateso. Kunoa ni kazi inayofanyika kabla, pengine nyumbani, mnyama akiwa bado malishoni. Hata hivyo imewekwa ndani ya amri ileile ya kuchinja, wala haikuachwa nje yake kama ufundi tu. Kwa mwenye darubini, kunoa huko ni kuifunga na kuisawazisha.

Ufundi huo unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu makosa mengi yanayosingiziwa upepo au bahati hutokea hapo. Darubini hukaa juu ya msingi wa chuma uliofungwa kwenye mwili wa bunduki, nayo hushikwa na pete mbili. Skrubu za msingi husafishwa mafuta kwanza, kisha hukazwa kidogo kidogo kwa zamu ili zisivute upande mmoja. Pete hukazwa kwa nguvu sawa, lakini si kwa nguvu ya kuliminya bomba, kwa maana bomba lililominywa huharibu mitambo ya ndani. Kabla ya kukaza, mlengaji huweka kitako begani kama atakavyopiga, na huisogeza darubini mbele au nyuma mpaka duara la picha lijae bila kivuli cheusi pembeni. Nafasi hiyo kati ya jicho na kioo huwa takriban sentimita 8 hadi 10, na anayeipuuza hupasuliwa nyusi bunduki inaporudi nyuma. Alama ya msalaba iliyo ndani ya kioo husimamishwa wima sawasawa, kwa kuwa ikiinama, kila marekebisho ya juu huvuta risasi pembeni.

Hesabu ya kosa ni kali. Pete mbili zikiwa zimeachana sentimita 10, na moja ikahama kwa sehemu moja ya kumi ya milimita, unene wa karatasi ya daftari, mstari wa jicho utapotoka sehemu moja ya elfu; kwa shabaha iliyo mita 100 risasi itakosa kwa sentimita 10, na kwa mita 300 itakosa kwa sentimita 30, yaani kutoka moyoni hadi tumboni. Ndiyo maana darubini iliyofungwa vizuri bado haijafaa mpaka isawazishwe: bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, bolti huondolewa ikiwa aina yake inaruhusu, mlengaji huitazama shabaha ya mita 25 kupitia tundu la mtutu, huulinganisha msalaba nayo, kisha hupiga risasi tatu kwa utulivu na kurekebisha kwa kuufuata wastani wa matundu yake, wala si tundu moja lililompendeza. Baadaye huhamia mita 100. Vifundo vya darubini nyingi husogea kwa robo ya dakika ya pembe, dakika ikiwa sehemu moja ya sitini ya digrii, na kila mlio mdogo wa kifundo huhamisha risasi kwa takriban milimita 7 katika umbali huo. Kazi hii hurudiwa baada ya kila safari ndefu, kwa maana mtikisiko wa gari katika barabara za vumbi za Ijara huilegeza skrubu bila kumwaga hata chembe ya rangi kumwonya mwenyewe.

Katika kuchagua darubini, kosa la kawaida ni kutamani ukuzaji mkubwa. Kioo cha mbele chenye upana wa milimita 40, picha ikikuzwa mara 4, hutoa duara la mwanga la milimita 10 nyuma, ilhali kwa ukuzaji wa mara 10 hubaki milimita 4, pungufu ya upana wa mboni iliyofunguka machweo. Lakini kwa nyika za Garissa hoja yenye nguvu zaidi ni mazigazi, ule mtetemo wa hewa juu ya ardhi iliyochomwa na jua, unaoonyesha maji pasipo na maji na kumwinua mnyama juu ya mahali aliposimama. Ukuzaji wa mara 16 humkuza mnyama na huyakuza mazigazi vilevile, hata mlengaji akadhani anaona zaidi ilhali anachokiona zaidi ni mtetemo. Kurani yenyewe, katika Sura ya An-Nur, imeyatumia mazigazi ya tambarare kama mfano wa matendo yanayomdanganya mwenyewe hadi ayafikie asikute kitu. Darubini, basi, haiongezi yakini, yaani ujuzi usio na shaka. Huongeza picha, na kazi ya kupima picha hiyo hubaki kwa mwenye jicho.

Kuhusu shaka, fiqhi ya uwindaji ni kali kuliko milango mingi ya elimu hiyo. Adi bin Hatim wa kabila la Tai, aliyekuwa mwindaji, alimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) maswali yaliyokuja kuwa msingi wa hukumu hizi, akajibiwa kwamba mnyama aliyechomwa na ncha ya mshale huliwa na aliyepigwa kwa ubapa haliwi, na kwamba akikutwa amezama majini haliwi pia, kwa kuwa haijulikani kama aliuawa na mshale au na maji. Ilipokuja risasi, mgogoro uliendelea: Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, aliona kwamba huua kwa kishindo wala si kwa makali, na Al-Shawkani wa Yemen, aliyefariki 1834, akaona kwamba hupenya na kwa hiyo huhalalisha. Pande zote mbili ziliuliza chombo kinafanya nini hasa ndani ya mwili, na hakuna aliyeridhika na nia njema ya mpigaji.

Upinzani mkubwa dhidi ya rai hii hautoki vitabuni, unatoka barazani. Husemwa kwamba ajali haina kinga, na kwamba kila risasi ina jina la mtu. Wengine huitaja aya ya 17 ya Sura ya Al-Anfal, inayokanusha kwamba aliyerusha siku ya vita vya Badri ndiye aliyerusha kwa hakika, na kumtaja Mungu kuwa ndiye mrushaji. Lakini sura hiyohiyo, katika aya ya 60, inaamuru kuandaa nguvu, na hadithi ya Uqba bin Amir inaifasiri nguvu hiyo kuwa ni ustadi wa kurusha. Anayeisoma aya ya kwanza bila ya pili ameitegemea kadari ili asiguse bisibisi.

Sheria nayo haikuiacha ajali bila mwenyewe. Wanazuoni wa Kishafii hugawa mauaji katika makusudi, yanayofanana na makusudi, na makosa. Na mfano wao mashuhuri wa kosa ni mtu aliyelenga mnyama akampiga binadamu. Huyo hana dhambi ya kuua, ila juu yake kuna kafara, ambayo leo ni kufunga miezi miwili mfululizo, na ukoo wake hulipa diya, yaani fidia ya damu, ya ngamia 100 kwa muda wa miaka mitatu. Wasomali huiita diya hiyo mag, na Azimio la Modogashe la 2001, lililofikiwa na viongozi wa jamii za kaskazini, liliitambua hesabu ya 100 kwa mwanamume na 50 kwa mwanamke. Katika vitabu vya wanazuoni hao yumo pia mtu aliyechimba shimo katika njia ya watu: yuko kwake, pengine amelala, mpita njia anatumbukia na kufa, na bado dhamana iko kwa mchimbaji. Darubini iliyolegea ni shimo la aina hiyo, lililochimbwa siku ambayo skrubu haikukazwa.

Hata sindano ya usingizi inayorushwa kwa rehema haiko nje ya hukumu hii. Mnamo Machi 2020 ilitangazwa kwamba twiga jike mweupe wa Ishaqbini na ndama wake waliuawa na majangili. Novemba mwaka huohuo dume mweupe aliyebaki alifungwa kwenye pembe yake moja kifaa cha GPS kilichotuma mahali alipo kila saa. Ili afungwe kifaa kama hicho, twiga hukamatwa kwa sindano yenye etofini, dawa kali mara nyingi kuliko mofini, inayohatarisha pumzi yake na pia maisha ya binadamu anayeigusa. Sindano hiyo huruka polepole, kwa upinde, na daktari hupima umbali kabla ya kuweka shinikizo la hewa, kwa kuwa shinikizo la mita 50 likitumiwa kwa mnyama aliye mita 20 huvunja mfupa. Hapa nia ni kuokoa, nayo haimponyi mnyama ikiwa kipimo kimekosewa.

Mahakama za Kadhi nchini Kenya, kwa Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, hivyo suala la risasi iliyopotea hubaki kwa mahakama za dola na kwa wazee wanaokaa kusuluhisha koo. Wazee hao wana desturi ya kuanza na nia, kwa kuuliza kama mpigaji alikuwa na uadui na marehemu. Wanapaswa kuanza na darubini: nani aliifunga, lini ilisawazishwa mara ya mwisho, kwa umbali gani, na mpigaji asiye na jibu asikubaliwe kuliita jambo lake kosa tupu.