Aliyeacha Pombe Akaumia Goti



Siku hizi si ajabu kumwona kijana, hata mzee mwenye mvi, akitoka alfajiri amevaa raba na kaptura, akielekea jimu kunyanyua vyuma au ufukweni kukimbia. Zamani watu wangalimcheka. Leo wamwonea wivu. Nasi twalifurahia jambo hili. Mwili ni kazi ya Mungu, na autunzaye hamkosei Muumba wake. Ila vile vikundi vinavyomaliza mbio za Jumapili kwa supu, na supu ikavuta bia, na bia ikala saa ya Misa, hivyo hatuviingizi katika furaha yetu.

Leo twataka kusema habari za mmoja tu kati ya hao wote: yule aliyeingia jimu ili aikimbie pombe. Nyumba nyingi zinaye. Ni baba au kaka, na mara nyingine ni mama, ingawa habari za mama hufichwa zaidi. Alikunywa miaka mingi, gongo au bia, kwa kadiri ya mfuko wake. Aibu ikamchosha, akaacha. Kisha akaona ya kwamba saa ya jioni, iliyokuwa saa ya kilabu, imebaki tupu, akaijaza kwa mazoezi. Miezi ikapita. Tumbo likapungua, usingizi ukarudi, watoto wakaacha kujificha wasikiapo hatua zake mlangoni. Halafu siku moja, akiwa katika kuruka au kuinua vyuma, goti likageuka, kano ikakatika. Daktari akasema hapana mazoezi mazito, labda kwa miezi tisa au zaidi.

Hatari ya nyumba hiyo ndipo inapoanza, nasi hatudhani kwamba watu wa nyumbani waiona. Wao wamwona mgonjwa wa goti. Mwenyewe ajua amepoteza zaidi ya goti: amepoteza saa yake ya jioni, wenzake wa mazoezi, uchovu ule mtamu uliomlaza usingizi, na fahari ya kujitazama katika kioo. Maumivu yapo, kukaa bure kupo, na pombe haijamsahau. Hapo ndipo rafiki afikapo na chupa mbili zilizofungwa katika gazeti, akasema: pole sana ndugu yangu, hii itakupunguzia maumivu.

Haipunguzi. Waganga watufundisha ya kuwa pombe huuchelewesha msuli kujijenga upya, na huuharibu usingizi, ambao ndio wakati mwili unapojitengeneza. Ikichanganywa na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki, huongeza hatari ya tumbo kutoka damu. Ikichanganywa na dawa kali za jamii ya afyuni, kama tramadoli, yaweza kuzipunguza pumzi za mtu hata akafa usingizini. Dawa hizo kali zenyewe zaweza kumteka mtu kama pombe ilivyomteka. Kwa hiyo aliyeacha pombe hana budi kumwambia daktari wazi habari zake za zamani, mkewe akiwapo. Na yule ambaye angali akinywa sana kila siku, akalazwa kwa jeraha, asifiche: kuikata pombe ghafula pasipo msaada wa waganga kwaweza kumletea kutetemeka, kuweweseka na hata kifafa siku mbili tatu baadaye, na wauguzi wasijue sababu.

Tutoe mfano wa mtu ajulikanaye ulimwenguni. Chris Mullin alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1963, akalelewa katika familia ya Kikatoliki, akasoma Chuo Kikuu cha St. John's, kilichoanzishwa na Mapadre wa Mtakatifu Visenti wa Paulo. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, na tangu ujana wake alisifiwa kwa bidii ya kujizoeza, hata watu wakasema haondoki ukumbini. Mwaka 1984 alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, na mwaka 1985 akachukuliwa na timu ya Golden State Warriors ya California. Msomaji aangalie vema: mtu huyu hakukosa mazoezi hata kidogo. Hata hivyo pombe ilimpata. Desemba 1987 timu yake ilimsimamisha, naye akakubali kuingia hospitali kutibiwa ulevi. Msimu ule alicheza michezo 60 kati ya 82.

Alipotoka aliupunguza mwili wake, akaujenga upya, na misimu mitano mfululizo akapata wastani wa zaidi ya pointi 25 katika kila mchezo. Mwaka 1992 akapata dhahabu ya pili, huko Barcelona. Habari hii husimuliwa sana. Isiyosimuliwa ni ile iliyofuata. Katika msimu wa 1992-93 kano ya kidole gumba chake ilipasuka, akacheza michezo 46 tu. Msimu wa 1994-95 akacheza 25. Ndiyo miaka ambayo mtu wa namna yake angeweza kuirudia chupa, kwa maana kazi imesimama, mwili umekataa, na fedha za kununulia zipo. Hakuirudia. Akaendelea kucheza hata mwaka 2001.

Basi kama mazoezi ndiyo yaliyokuwa mlinzi wake, mwaka 1987 yangalimlinda. Na kama mazoezi peke yake ndiyo yaliyomsimamisha, kidole kilipopasuka angalianguka. Mazoezi ni fimbo njema ya kutembelea, wala hatuyadharau. Lakini aliyeacha pombe aliinuka siku ile alipokiri mbele ya watu kwamba ameshindwa, akakubali kushikwa mkono. Hilo halikatiki pamoja na kano ya goti.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto, watu ambao karibu nao palifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Katika Waraka wa kwanza, sura ya 9, atumia mfano wa mkimbiaji na mpiga ngumi, jinsi wanavyojinyima kwa ajili ya taji la majani linalonyauka. Wahubiri waipenda sura hiyo, na wanamichezo Wakristo huibandika ukutani. Lakini ni wachache waendeleao hata Waraka wa pili, sura ya 12, ambapo Paulo yule yule asimulia mwiba uliokuwa mwilini mwake. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, alipewa neema ya kuuchukua. Twaona vema kwamba nyaraka hizo mbili zilipelekwa kwa watu wale wale.

Sisi Watanzania twamsifu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akafika mwisho akichechemea, nyuma ya wote waliomaliza. Twamsifu kwa haki. Lakini mgonjwa wetu ameambiwa asikimbie. Ushujaa atakiwao ni kukaa kibarazani miezi tisa bila kunywa, na huko hakuna mpiga picha atakayemfuata.

Hawezi kukaa peke yake. Mei 1935 mfanyabiashara wa Kimarekani, Bill Wilson, aliyekuwa na miezi michache tu tangu kuacha pombe, alikwama katika mji wa Akron, Ohio, biashara yake imevunjika. Katika hoteli alisikia vicheko vya baa. Badala ya kuingia akaiendea simu, akapiga kwa wachungaji wa makanisa akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapelekwa kwa Daktari Bob Smith, mlevi kama yeye. Na katika mazungumzo yao kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kimeenea ulimwenguni. Mwaka 1939 mtawa mmoja wa mji huo, Sista Ignatia, akaanza pamoja na Daktari Smith kuwapokea walevi katika hospitali ya Mtakatifu Tomaso kama wagonjwa wengine, wakati ambapo hospitali nyingi ziliwafungia mlango.

Enyi watu wa nyumbani, ijazeni ile saa ya jioni. Mpeni mikono yake kazi, hata kama ni kupukuchua mahindi au kumsomesha mtoto hesabu. Mpelekeni kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye ataona lipi goti lakubali. Jumuiya Ndogo Ndogo ikutane kwake, si kwa kumhurumia bali kwa kuwa ni zamu yake. Katika arusi na ubarikio mpeni soda bila kutangaza kwa sauti kwamba huyu siku hizi hanywi. Mke asiinuse pumzi yake kila aingiapo. Na ikitokea siku moja ameanguka, asiambiwe kwamba yote yamekwisha. Apelekwe kwa wenzake jioni ile ile, na padre asimwulize kwanza alikunywa chupa ngapi.

Tena parokia nyingi zina chumba cha mafundisho ambacho jioni za siku za kazi hukaa na kufuli. Twawaomba maparoko wakifungue jioni moja katika juma, walioacha pombe na wanaotaka kuiacha wapate kuketi pamoja. Hahitajiki mhubiri. Birika la chai latosha, na viti vichache, na kimoja kiwe na kigoda mbele yake cha kuwekea mguu, kwa ajili ya yule atakayekuja na magongo.