Futi Kwanza, Msumeno Baadaye

Masomo: Kutoka 25:23–30; 2 Wafalme 4:8–10

Wasomaji wengi wa Biblia wakifika Kutoka sura ya 25 huongeza mwendo. Ni vipimo juu ya vipimo, mikono miwili huku, mkono na nusu kule, na mtu anatamani afike haraka kwenye ndama wa dhahabu. Leo naomba tusimame kwenye meza ya mikate ya wonyesho. Musa anaagizwa aitengeneze kwa mti wa mshita: urefu mikono miwili, upana mkono mmoja, kimo mkono mmoja na nusu. Mkono ni kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kama sentimita 45. Ukipiga hesabu utapata meza ya sentimita 90 kwa 45, kimo chake karibu 68. Ni meza ndogo, inapita mlango wa nyumba yoyote ya kwetu. Kisha ikazungushiwa ukingo wa upana wa kiganja.

Ukingo huo niliukumbuka nilipopita karakana ya seremala mmoja wa usharika wetu hapa Morogoro. Alikuwa anapiga randa papi nyembamba za mninga. Pembeni kulikuwa na meza isiyofanana na meza yoyote niliyowahi kuona kwake: fupi kwa urefu, juu kidogo kwa kimo, na mtoto wa meza mwembamba asiyeweza kubeba hata kitabu cha nyimbo. Nikamuuliza ni oda ya nani.

"Ya mama watoto, Mchungaji."

Mkewe ni muuguzi, mzaliwa wa Monduli. Akitoka zamu na kuoga, hutunga shanga. Miaka yote alitungia kwenye meza ya chakula, na kila sahani zikiletwa, sinia la shanga linahamia kitandani. Shanga zenyewe ni zile ndogo za milimita 2. Mtoto akigusa sinia kwa kiwiko, jioni nzima inaisha watu wakiwa wamepiga magoti na tochi ya simu.

Seremala huyu alikuwa amekwisha chora meza nyingine kabla ya hiyo. Kubwa, ya kifahari, watoto wa meza watatu kila upande. Mkewe akaitazama ile karatasi akacheka: "Baba Watoto, hii ni ya mkurugenzi. Mimi nitaanza kuandika barua au nitatunga shanga?" Karatasi ikakunjwa. Jioni iliyofuata bwana akachukua futi na kiti, akakaa pembeni akamtazama mkewe akifanya kazi.

Aliyoyaona ndiyo yaliyoijenga meza. Aliona mgongo wa mkewe unavyopinda, kwa sababu mtunga shanga anataka mikono iwe karibu na macho, na meza ya kawaida iko chini mno kwa kazi hiyo. Masonara wanalijua jambo hili, ndiyo maana meza zao huwa za juu kuliko za kuandikia. Basi akapima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko cha mkewe akiwa amekaa, akaongeza kidogo. Aliona pia kwamba anashika sindano kwa mkono wa kulia, na taa ikiwa upande huo kivuli cha mkono kinaangukia pale pale anapotunga. Kwa hiyo meza ingekaa dirisha likiwa kushoto. Aliona shanga zinavyorukaruka juu ya mbao iliyopigwa vanishi, akaamua uso wa meza ufunikwe kwa kipande cha blanketi. Mtoto wa meza akamgawa vyumba vidogo vidogo, kila rangi na chumba chake. Na zile papi alizokuwa akipiga randa ndizo ukingo, wa kimo cha kidole, kuzunguka pande zote ili ushanga usianguke.

Mninga aliuchagua kwa sababu ukishakauka haubadiliki sana, hausinyai ukaacha nyufa, na miguu aliiunganisha kwa ulimi na tundu badala ya misumari. Kazi ya mtu anayetaka kitu kidumu.

Majirani walipoiona, swali la kwanza lilikuwa moja: "Kumbe anauza?" Hauzi. Anatungia watoto wachanga wa wodini, anatungia maharusi, mara nyingine anafumua kazi nzima na kuianza upya kwa sababu rangi hazikumridhisha. Nimegundua kwamba swali hilo tunaliuliza hata kanisani. Kazi ya mikono ya mama tunaiheshimu ikishaingiza fedha. Vikoba ni vizuri, nimevifungua kwa maombi na nimekula maandazi yake, lakini si kila kitu ambacho Mungu ameiwekea mikono uwezo wa kukifanya lazima kiishie kwenye sanduku la kikoba. Katika Kutoka 35 wapo wanawake waliosokota nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu, na singa za mbuzi, kwa ajili ya hema. Bezaleli na Oholiabu wametajwa kwa majina, hata makabila yao. Wale wanawake hawakutajwa hata mmoja, jambo ambalo linanikera kila nikilisoma, ingawa angalau mwandishi aliona kwamba mikono yao ilikuwa na hekima.

Sasa msomeni yule mama wa Shunemu. Elisha alikuwa akipita kwake mara kwa mara, na mama akamwendea mumewe na shauri: tumjengee chumba kidogo cha juu, tumwekee kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Vitu vinne tu, na hakuna hata kimoja cha kujionyesha. Vyote vinamfaa mtu mmoja mwenye safari nyingi na kazi inayoendelea mpaka usiku. Mama huyu alijuaje? Alimtazama akipita.

Hapo ndipo ndoa nyingi zinapoyumba. Wanaokuja ofisini kwangu ni wachache wanaosema mwenzangu hanipendi. Wengi husema hanioni. Zawadi zipo, tena za gharama: kitenge cha rangi ambayo mke hajawahi kuivaa, saa ya mume asiyevaa saa. Petro anawataka waume watumie akili katika kuishi na wake zao, na akili ya namna hiyo haipatikani dukani, inapatikana kwa kukaa kimya na kutazama. Wake nao hawajasamehewa hapo.

Ndugu yangu, kama mkeo anafuma, anashona, anasuka ukili au anatunga shanga, wiki hii tafuta jioni moja ukae karibu naye bila simu. Tazama anapoinama, tazama taa iko wapi, halafu muulize, umwache ajibu mpaka mwisho. Kama bei ya mninga imekushinda, mbao za paini kutoka Sao Hill zinatosha kabisa, mradi ziwe zimekauka, maana mbao mbichi itapinda na meza itacheza. Na ikiisha, iache iwe yake. Usiweke juu yake chaja yako, wala bahasha za usharika.