Je, Muuguzi Amsimamishe Daktari?

Tumelelewa na methali isemayo asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini tufanye nini pale anayekosea ni mkuu mwenyewe, na guu litakalovunjika ni la mtu wa tatu aliyelala kitandani?

Nachukua mfano wa chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa akihitaji dawa kali ambazo mishipa midogo ya mkono haizistahimili, daktari humwingizia mrija katika mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingoni au ulio chini ya mtulinga, na ncha yake hufika karibu na moyo. Mrija huo huokoa maisha. Lakini bakteria wa kwenye ngozi, au wa mikononi mwa mhudumu, huweza kuufuata hadi ndani ya damu.

Kinga yake si siri. Mwaka 2001, katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, daktari Peter Pronovost aliorodhesha hatua chache kwenye karatasi: kunawa mikono, kusafisha ngozi ya mgonjwa kwa klorheksidini, kumfunika shuka safi mwili mzima, kuvaa kofia, barakoa, gauni na glavu. Hakuna daktari asiyefundishwa hayo. Hata hivyo, wauguzi walipoombwa kuwaangalia madaktari kwa mwezi mmoja, waliona kwamba kwa zaidi ya theluthi ya wagonjwa kuna hatua iliyorukwa.

Kwa maoni yangu karatasi haikuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa ruhusa: uongozi uliwapa wauguzi mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua. Mpango wa namna hiyo ulipotekelezwa katika vitengo 103 vya jimbo la Michigan, pamoja na kuepuka mshipa wa kinena na kuondoa mrija usiohitajika tena, wastani wa maambukizi ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mirija. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006.

Wenzangu kadhaa wanaona ruhusa hiyo ni utovu wa adabu uliohalalishwa. Siwapuuzi. Usiku, mgonjwa akizidiwa, wodi ambayo kila amri hujadiliwa itampoteza. Lakini tazameni mizani ilivyo. Aibu ya kumkatiza mkubwa huja papo hapo, mbele ya watu. Homa huja baada ya siku kadhaa, pengine zamu nyingine, na hakuna atakayesema ilitoka mkononi mwa nani. Katika mizani hiyo mtu mwema kabisa hunyamaza, na wala hajioni mwoga. Anajiona ana heshima.

Hapa Uganda wagonjwa wengi humwita kila mhudumu wa afya musawo, awe daktari au muuguzi. Vyeo ni mambo yao wao kwa wao. Mgonjwa amejikabidhi kwa wote, na sioni ni kwa haki gani heshima kati ya wawili ilipwe kwa damu ya wa tatu ambaye hakuulizwa.

Ndiyo maana sikubali pia wanaosema wauguzi wawe majasiri tu. Ujasiri wa kila siku ni mzigo mzito kumtwika mtu wa mshahara mdogo anayeweza kuhamishwa kesho. Mkuu wa hospitali akiagiza kwa maandishi kwamba sista asimamishe kazi hatua ikirukwa, sista akisema "Daktari, gauni bado," hamvunjii mtu heshima. Anatii la mkuu.

Linalonisumbua zaidi ni wodi ambayo gauni zimekwisha. Hapo kusimamisha kazi kunaweza kuwa kumnyima mgonjwa dawa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2011 unashauri kwamba mrija ulioingizwa wakati wa dharura, pasipo uhakika wa usafi, ubadilishwe mapema iwezekanavyo, yaani ndani ya saa 48. Basi muuguzi huyo aache kazi iendelee, kisha aandike kwenye faili kwamba mrija uliwekwa bila gauni, na saa ngapi. Sentensi hiyo itasomwa na zamu ya asubuhi, na daktari yuleyule ataiona.