Kadhi na Mshahara wa Serikali

Wiki mbili zilizopita, baada ya darasa ya Isha hapa Tudor, kijana mmoja alituuliza: "Masheikh zangu, mwasema kila siku kwamba serikali isitie mkono katika dini. Mbona basi Kadhi hulipwa mshahara na serikali, nanyi mwaridhika?" Mzee mmoja alimkemea. Sisi twaona kijana hakustahiki kukemewa. Alistahiki jawabu, na jawabu yenyewe si nyepesi.

Iliyozoeleka ni jawabu ya ahadi. Mwingereza alipoushika mwambao huu mwaka 1895 aliwakuta Makadhi, akawaacha. Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, waliandikiana kwamba mwambao utakuwa sehemu ya Kenya na mahakama hizo zitahifadhiwa. Katiba ya 2010 imezitaja katika kifungu cha 170, ikaziachia mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Viongozi wa makanisa waliopeleka kesi mwaka 2004 hawakuridhika. Miongoni mwa hoja zao ni kwamba mali ya umma haifai kuendesha mahakama ya dini moja, na Mei 2010 Mahakama Kuu iliwaunga mkono. Lakini Agosti ya mwaka huo huo kiasi cha thuluthi mbili ya waliopiga kura waliipitisha Katiba, na Makadhi wakabaki.

Ahadi yamfunga aliyeahidi. Haituambii sisi kama jambo lenyewe lina heri kwa dini yetu.

Imamu Abu Hanifa alikataa ukadhi alipotakwa na Khalifa al-Mansur, akafungwa, na akafariki mwaka 150 wa Hijria. Mwanafunzi wake, Abu Yusuf, aliupokea kwa Harun al-Rashid akawa Kadhi Mkuu, na ndiye aliyemwandikia Khalifa kitabu juu ya kodi, akimwonya asiwadhulumu raia. Ni nani kati yao aliyekosea? Hatuthubutu kusema. Mwalimu alichelea mkono unaotoa cheo. Mwanafunzi aliwachelea wanyonge watakaokosa wa kuwasemea mbele ya mkono huo.

Basi tutazame mji wetu. Mjane ambaye shemegi zake wameizuia nyumba ya marehemu huenda kwa Kadhi kwa kuwa hukumu yake ina nguvu ya dola nyuma yake. Iondoe dola, na hukumu hubaki nasaha. Na mtu aliyezoea kula mali ya yatima hajali nasaha. Kwa ajili ya mjane huyo sisi twasema mshahara na uendelee, hata kama Mkristo huchangia. Na Muislamu naye hulipia mengi yasiyomhusu.

Lakini kuandama kwa mwezi je? Kadhi Mkuu hutangaza, na nyumba moja hufunga na ya pili yake haifungi. Katika mwezi hapana mdai wala mdaiwa, wala hapana mali ya mtu ya kurudishwa. Hapo twaona aseme kama mwanachuoni mmoja kati ya wenziwe, kwa hoja, si kwa muhuri wa ofisi.

Mwaka 1992 serikali ilikataa kukiandikisha chama cha Islamic Party of Kenya, ikisema dini isichanganywe na siasa, na Mombasa ikaona ghasia. Siku hizo hizo wanasiasa walikuwa wakiingia makanisani Jumapili na michango ya harambee, wala hapana aliyeuita huo mchanganyiko. Tulilalamika, na haki tulikuwa nayo. Ila Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliamua kuzirudisha fedha alizozitoa Rais katika kanisa moja. Ni msikiti gani wa kisiwa hiki uliokataa mazulia ya mgombea, au magunia yake ya mchele wa Ramadhani?

Kijana aliuliza juu ya mshahara wa Kadhi, ambao umo katika hesabu za serikali. Magunia hayaandikwi popote. Ametwambia kwamba darasa ijayo atauliza juu ya hayo, na yule mzee aliyemkemea ni mtu wa kamati ya msikiti.