Seif wa Sharif

Mpwa wangu alizaliwa Machi 2021, wiki tatu baada ya Maalim Seif Sharif Hamad kuzikwa kwao Mtambwe, Pemba. Shemegi yangu anaitwa Sharif. Ukishayajua haya mawili, ugomvi uliofuata nyumbani kwetu Jambiani unaweza kuukisia mwenyewe.

Kwa asiyetujua: wengi wetu Zanzibar hatuna jina la ukoo. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Kwa hiyo Seif peke yake ni jina la kawaida, wamo kina Seif kila kijiji, wengine wazee kuliko vyama vyote vya siasa. Lakini mtoto wa Sharif akiitwa Seif, siku mwalimu wa skuli atakapofungua daftari la mahudhurio atasoma "Seif Sharif", na darasa zima litageuka kumtazama. Wala haliishii kwake. Jina lake la kwanza ndilo la pili la watoto wake na la tatu la wajukuu zake. Shemegi alikuwa anawatia jina watu ambao hata mama zao hawajazaliwa.

Mama alikataa siku ileile. "Huyu ni Makame. Babu yake yupo, mzima, mpeni jina lake." Sharif, ambaye sijapata kumsikia akimjibu mkwe wake zaidi ya "naam mama", alisema taratibu, "Mama, huyu ni Seif," kisha akavaa ndara zake akatoka.

Jambiani iko Kusini Unguja, na Kusini ni ngome ya CCM tangu enzi za ASP. Kizimkazi, kwao Rais Samia, ni huku huku kwetu. Sharif hakuwahi kutundika bendera ya upinzani wala kuvaa fulana yake. Mapenzi yake kwa Maalim yalikaa kwenye redio na kwenye kimya chake siku za matokeo. Nadhani ndiyo maana alilitaka jina lile kwa nguvu vile. Lilikuwa neno la kwanza la siasa alilotaka kulisema kwa sauti.

Na mama hakumchukia Maalim. Hili nilichelewa kulielewa. Mama ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilianza huku mwambao wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980, naye aliingia akiwa msichana. Baada ya uchaguzi wa 1995, anasema, wanawake waliokuwa wakifunga mwani kwenye kamba moja waliacha kuamkiana. Unguja na Pemba, watu walisusiana maduka, harusi, hata maziko. "Bibi yako mdogo alipofariki," aliniambia, "tuliomuosha tulikuwa watatu. Mmoja alikuja usiku asionekane." Kwa mama, jina la mwanasiasa yeyote lilikuwa na harufu ya nyumba ile isiyokuwa na watu.

Dada akanipigia simu. "Wewe ndiye msomi, njoo utuamue." Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza Dar es Salaam, nimeshasoma kozi moja nzima ya maadili, kwa hiyo nilijiona nimetosha. Nikapanda boti.

Niliwaeleza kwamba mtoto hajaridhia. Siasa ni jambo la watu wazima, kila mtu achague upande wake akikua, na si haki kumbandika mtu bango kabla hajajua kushika kichwa chake. Nilijipendeza. Sharif alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na Makame aliridhia?"

Sikuwa na jibu. Hakuna jina linalopewa kwa ridhaa ya mwenyewe. Dini, kabila, lugha, kijiji, vyote tunampa mtoto bila kumuuliza, na hatuoni dhuluma. Hoja yangu ilikuwa imekula jina la Seif na jina la Makame kwa pamoja, na isingeacha jina lolote.

Sasa ninasoma shahada ya uzamili ya falsafa, na juzi nilikutana na John Stuart Mill akisema, katika kitabu cha 1843, kwamba jina la pekee ni alama tu, halibebi maana. Mfano wake ni mji wa Dartmouth, ulioitwa hivyo kwa kuwa uko kwenye mlango wa mto Dart. Mto ukihama, anasema, mji hautalazimika kubadili jina. Nilicheka maktabani. Wazee wetu husimulia kuwa Jambiani imeitwa hivyo kwa sababu ya jambia lililookotwa mchangani na wageni wa mwanzo. Jambia halipo, kijiji kipo, Mill kashinda. Lakini Mill hakuwa akisikiliza jina linavyoitwa barazani. Ukimwita mtu Seif Sharif kijijini kwetu, kila anayesikia anaitika kidogo moyoni, wengine kwa furaha, wengine kwa kinyongo.

Swali ambalo ningepaswa kumuuliza shemegi ni jingine: Seif yupi? Yule wa 1984, Waziri Kiongozi ndani ya CCM? Yule aliyefukuzwa chama 1988, akakaa kizuizini na gerezani kuanzia 1989 hadi 1991? Mgombea urais wa kila uchaguzi kuanzia 1995 mpaka 2020? Au yule wa Desemba 2020, aliyekula kiapo cha Makamu wa Kwanza wa Rais baada ya uchaguzi uliomwaga damu, akasema ni kwa ajili ya maridhiano, huku baadhi ya wafuasi wake wakiona wamesalitiwa? Mtu hai hubadilika na kujieleza. Mtoto aliyepewa jina lake hana nafasi ya kusema ni ukurasa upi anaoubeba, kila mtu humfungulia ule anaoutaka yeye. Maalim mwenyewe alisomesha Lumumba, Unguja, na Fidel Castro, Pemba, skuli mbili zenye majina ya watu wakubwa wa nchi nyingine. Lakini skuli haitaniwi uwanjani.

Huko Kisumu, Novemba 2008, wazazi waliwapa watoto wachanga majina ya Barack na Michelle, na magazeti yakaandika kama habari njema. Jirani yetu wa pili alijifungua msichana mwaka uleule wa 2021, akamwita Samia. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hilo ndilo lililoniuma baadaye. Jina la aliyeshinda huonekana jina tu. La aliyeshindwa huonekana tamko, na mwenyewe hutakiwa kutoa maelezo.

Basi mimi nikayatoa maelezo. Usiku wa sita, tukiwa tumechoka, nilipendekeza: mtoto aitwe Seif, lakini tuseme ni Seif kwa maana ya upanga, kama Khalid bin Walid alivyoitwa Saifullah. Nani atapinga jina la sahaba? Mama alinyamaza, kisha akasema sawa. Sharif alitazama sakafu, naye akasema sawa. Kesho yake tukachinja akika, na nikawaeleza wageni habari za Khalid bin Walid mpaka nikajiamini.

Hakuna aliyesadiki. Ofisini, dada alipokwenda kuchukua cheti cha kuzaliwa, karani aliinua macho, akauliza, "Hii makusudi?" Dada akasema ni upanga. Karani akacheka, akaandika. Kwa hiyo mama hakupata ule usalama aliouridhia. Na Sharif, aliyetaka mara moja maishani aseme jambo kwa sauti, alipewa jina lenyewe akanyang'anywa kulisema. Tangu siku ile sijamsikia akimtaja Maalim mbele yangu. Wote wawili walikuwa na sababu za kweli, mmoja hofu na mmoja mapenzi, na mimi niliyeitwa kuamua nikaleta kitu kisichokuwa cha yeyote. Kama ningemuunga mkono mama na mtoto akaitwa Makame, Sharif angekasirika, lakini angekuwa amekataliwa, si kufichwa.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani likizo. Seif ana miaka minne, anasoma chuoni asubuhi, mchana hukimbia pwani na wenzake maji yakitoka. Mama humwita "mume wangu" na mara nyingine Makame, na yeye huitikia vyote. Jioni tulipita barazani, mzee mmoja akampungia mkono, "Maalim! Habari za Mtambwe?" Wazee wakacheka, si kwa ubaya. Mtoto akajibu nzuri.

Tulipofika nyumbani Sharif alikuwa uani akitia ubao randa. Seif akanivuta shati.

"Mjomba, Maalim nani?"

Randa ikasimama. Nilijua ninachotakiwa kusema, upanga na sahaba, nimekisema mara nyingi. Nikamtazama Sharif, hakuinua kichwa.

Nikamwambia kulikuwa na mwalimu mmoja, mtu wa Pemba, akiitwa Seif kama yeye na baba yake akiitwa Sharif kama baba yake, na baba yako alimpenda sana. Akafikiri. Akauliza kama mwalimu huyo alikuwa na baiskeli.

Nikasema hilo amuulize baba yake.