Je, "Ndiyo" ya Dodoso ni Uongo?



Madodoso ya afya yakipita mabwenini huuliza mambo ambayo mtu hamwambii hata ndugu yake: umezini? umevuta bangi? Wengi huandika "hapana" kwa kuogopa aibu. Hapo Muislamu anabanwa na mambo mawili. Uongo ni haramu. Na dhambi aliyoisitiri Allah, mja hatakiwi kuitangaza. Maiz bin Malik alipokuja kukiri zinaa, Mtume (s.a.w.) alimgeuzia uso zaidi ya mara moja.

Basi tusiulizwe kabisa? Sioni hivyo. Zahanati inayoamini kwamba hakuna anayezini haitaagiza vipimo vya kutosha vya Ukimwi, na atakayeumia ni binti aliyeolewa kwa halali na mume asiyejijua.

Mwaka 1965 mwanatakwimu Stanley Warner wa Marekani alibuni njia ya kuficha jibu la mtu ndani ya bahati nasibu. Namna mojawapo iliyofuata ni hii. Rusha sarafu ya shilingi 500 peke yako. Ikiangukia upande wa ndege, jibu "ndiyo" hata kama hukutenda. Ikiangukia nembo, sema kweli. Tukiwa 200, takribani 100 watapata ndege na kusema "ndiyo". Zikipatikana "ndiyo" 120, zile 20 za ziada zimetoka kwa wale 100 wa nembo. Tumejua kwamba karibu mmoja kati ya watano ametenda, wala hatujui ni nani.

Swali la fiqhi linabaki: aliyepata ndege, naye hajawahi kuzini, akisema "ndiyo" amesema uongo? Kwa maoni yangu, hapana. Uongo ni kumfanya msikilizaji aamini lisilo kweli. Hapa muulizaji na mjibu wamekwisha kubaliana kwamba "ndiyo" maana yake ni "nimepata ndege, au nimetenda". Maneno hayo ni kweli tupu, na hakuna aliyedanganywa.

Najua mcha Mungu atasita: ulimi wangu ushuhudie zinaa nisiyoifanya? Lakini afikirie matokeo ya kukataa. Wasafi wote wakigoma kusema "ndiyo", kila "ndiyo" iliyobaki itakuwa ungamo, na mwenye dhambi atakuwa amevuliwa nguo hadharani. "Ndiyo" ya msafi ndiyo shuka anayomfunika nduguye. Tumefundishwa kwamba amsitiriye Muislamu, Allah atamsitiri. Hii ni sitara ya bei nafuu mno: neno moja tu.

Vilevile tusichanganye jambo hili na upelelezi uliokatazwa katika Suratul Hujurat, aya ya 12. Mpelelezi humtafuta mtu. Hesabu hii hutafuta idadi. Mpaka huo ukivukwa, hukumu hubadilika. Dodoso likidai namba ya usajili au simu, au msimamizi akisimama begani kutazama sarafu, amana imevunjwa. Hapo una haki ya kukataa kujibu, na kukataa ni bora kuliko kudanganya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kujaza muulizeni mtafiti: jibu langu litafichwa vipi? Akieleza ukaridhika, rusha sarafu, fuata sharti, na useme unachotakiwa kusema bila woga.

Wallahu aalam.